Wayahudi katika Muziki wa Hip-hop: Ushiriki na Utambulisho

Muziki wa hip-hop ulizaliwa katika eneo la Bronx, jijini New York, katika miaka ya 1970, miongoni mwa vijana Weusi na wale wenye asili ya Karibi na Puerto Rico. Wayahudi waliingia baadaye, wakiwa wageni katika sanaa iliyokuwa na wenyewe. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kushiriki katika sanaa na kudhihirisha utambulisho ndani yake ni mambo mawili tofauti, na kwamba tofauti hiyo hubainika zaidi katika lugha.

Ushiriki ulitangulia. Mnamo mwaka 1984 Rick Rubin, Myahudi aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha New York, alikuwa akiiendesha kampuni ya Def Jam kutoka katika chumba chake cha bweni, akishirikiana na Russell Simmons, Mmarekani Mweusi. Katika albamu ya LL Cool J iitwayo Radio (1985), Rubin alipunguza ala, akaacha mapigo ya ngoma na sauti ya mfokaji vitawale. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa Licensed to Ill (1986) ya Beastie Boys, vijana watatu wenye asili ya Kiyahudi. Mwaka 1987 albamu hiyo ikawa ya kwanza ya muziki wa kufokafoka kushika nafasi ya juu kabisa katika orodha ya albamu ya jarida la Billboard.

Hata hivyo, Uyahudi haukuwa mada ya albamu hiyo. Wasanii hao walifoka kwa Kiingereza cha mitaa ya New York, kwa mtindo waliojifunza kwa Weusi. Swali la nani mwenye sanaa na nani mfaidi wake lilibaki chini kwa chini. Mwaka 1989 Professor Griff wa Public Enemy, kundi lililokuwa chini ya Def Jam hiyohiyo, alitoa gazetini kauli za kuwashutumu Wayahudi. Mzozo uliofuata ulidhihirisha kwamba kufanya kazi pamoja hakukuwa kumeondoa chuki.

Utambulisho ulisikika waziwazi baadaye. Socalled, msanii wa Kanada, alitia katika mapigo ya hip-hop vipande vya santuri kuukuu za Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Mfano ni albamu yake Ghettoblaster (2007). Naye Matisyahu, katika Live at Stubb's (2005), alichanganya rege na ufokaji, akiingiza maneno ya Kiebrania na taswira za Zaburi ndani ya Kiingereza.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Rubin na wenzake waliifikisha hip-hop kwa wasikilizaji wengi zaidi. Socalled na Matisyahu waliiongezea lugha na kumbukumbu za jamii yao. Michango yote miwili ni halisi, lakini huu wa pili ndio unaoweza kuitwa wa Kiyahudi kwa maana ya kiisimu. Kuichanganya ni kumpima msanii kwa nasaba yake badala ya kwa maneno yake, kosa ambalo madhara yake yalionekana mwaka 1989.