UVIMBE WA KIDONDA: ASKARI WA MWILI WANAITWAJE?

Mwiba ukikuchoma mguuni, baada ya saa chache mahali pale hupata moto, huvimba na kuuma. Wengi hudhani uvimbe huo ndio ugonjwa wenyewe. Kumbe ni dalili kwamba mwili unajilinda.

Chembechembe nyeupe ni askari wa mwili, nazo husafiri katika damu iendayo kasi. Je, zinajuaje mahali pa kusimama? Jibu limo katika ukuta wa mshipa wa damu. Siku za kawaida askari hupita tu. Vijidudu vikiingia, chembe za ulinzi zilizo karibu hutoa kemikali za kupeleka habari; mojawapo huitwa TNF. Habari hiyo hupokelewa na chembe za ukuta wa mshipa. Ndani yake imo protini iitwayo NF-kappa B, iliyotambuliwa na wataalamu Ranjan Sen na David Baltimore huko Marekani mwaka 1986. Wakati wa amani protini hiyo hufungwa na protini nyingine. Habari ikifika, kifungo huharibiwa, nayo huingia katika kiini cha chembe na kuwasha jeni zilizokuwa zimelala.

Jeni hizo hutengeneza protini za kunasa, kama E-selektini na ICAM-1, zinazojitokeza ukutani. Askari hupunguza mwendo, hunata, kisha hujipenyeza nje ya mshipa hadi alipo adui. NF-kappa B huwasha pia jeni ya kile kifungo chake, na hivyo kazi huzimwa kwa wakati wake.

Hata hivyo, vimelea vya malaria kali huitumia ICAM-1 kuzinatisha chembe nyekundu katika mishipa ya ubongo. Hii ni sababu mojawapo ya malaria kupanda kichwani.

Dawa kama prednisolone na dexamethasone huzuia jeni hizi zisiwashwe. Husaidia sana katika pumu, kwa mfano. Lakini kuzinunua dukani bila cheti cha daktari ni hatari: uvimbe hupungua, huku vijidudu vikiendelea kuongezeka. Utafiti wa Thailand uliotangazwa mwaka 1982 ulionyesha kuwa wagonjwa wa malaria ya ubongo waliopewa dexamethasone walichelewa zaidi kupata fahamu. Naye anayezitumia kwa agizo la daktari asiziache ghafla.

Basi, safisha kidonda mapema kwa maji safi na sabuni. Uvimbe ukizidi, au homa ikianza, nenda zahanati. Mwili ni zawadi ya Mungu. Tuutunze kwa busara.