PUMZI YA VEPU HUENDA WAPI?

Muhula huu palizuka ubishi bwenini kwetu. Mwenzetu mmoja alisema kwamba sigara ya umeme, ambayo vijana huiita vepu, haimdhuru mtu ajuaye kuivuta, maana yeye huushika moshi mdomoni tu na kuutoa puani. Mwingine akasema kuwa ule si moshi, ni mvuke wa maji kama wa birika. Wote wawili walikosea, na yafaa tueleze sababu.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Ndani yake mna betri, waya mwembamba upatao moto, na pamba iliyolowa majimaji. Majimaji hayo si ya kisimani: ni glisarini na propilini glaikoli, pamoja na manukato, na mara nyingi nikotini, ile ile iliyomo katika tumbaku. Yakipata moto hugeuka ukungu wa matone madogo mno. Mvuke wa birika hukauka upesi. Ukungu wa vepu huacha utando juu ya kioo.

Njia za kuvuta ni tatu. Ya kwanza, mvutaji hunyonya kwa mashavu kama anyonyaye mrija, kisha huushusha ukungu kifuani. Ndivyo wafanyavyo wavuta sigara. Ya pili, huuvuta moja kwa moja mapafuni kwa pumzi ndefu, kama wavuta shisha. Majimaji ya njia hii kwa kawaida huwa na nikotini kidogo zaidi, lakini pumzi moja hubeba ukungu mwingi. Ya tatu, huushika mdomoni tu.

Basi, hutokea nini? Mapafuni mna vifuko vya hewa mamilioni kwa mamilioni, vyenye ukuta mwembamba sana unaopakana na damu. Nikotini hupenya hapo, na kwa muda wa sekunde 10 hadi 20 hufika ubongoni. Mwenye kuushika mdomoni huipata polepole kupitia ngozi laini ya mashavu, kama mtafuna tumbaku. Mwenye kuutoa puani huipitisha pale pale wavuta ugoro wanapoitia. Na yule azuiaye pumzi mpaka asionekane kutoa moshi, ajue kwamba matone hayakupotea. Yamebaki ndani yake.

Mwaka 2019 ugonjwa wa mapafu uliwashika wavuta vepu huko Marekani. Kufikia Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807, na 68 kati yao walikufa. Wataalamu waliona kwamba chanzo kikubwa kilikuwa aina ya mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa katika majimaji ya bangi. Mafuta hayo watu huyapaka ngozini, hata huyameza, wasidhurike. Lakini pafu si tumbo.

Ni kweli kwamba vepu haichomi jani la tumbaku, na mtu mzima aliyezoea sigara, akihamia huko kabisa, hupunguza sumu. Lakini sisi ambao hatujavuta kamwe, twahama kutoka wapi?

Mwenzetu yule alisema aweza kuacha siku yoyote atakayo. Juzi, katika masomo ya usiku, aliomba ruhusa ya kwenda msalani mara tatu. Siandiki haya ili kumchongea, naandika kwa kuwa ni rafiki yangu. Rafiki, mwendee mwalimu umwaminiye au mganga wa zahanati, nami nitakusindikiza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne