Boza Lililopotea: Vumbi la Ujenzi Eldoret

Kwenye kibanda kimoja cha chakula mtaani Langas, mama mpishi ametenga mitungi mitatu ya maji pembeni. Si ya kupikia wala ya kuoshea vyombo. Kila baada ya muda anachota kwa mkebe na kumwaga barabarani mbele ya meza zake, mahali lami ilipochimbuliwa na kazi ikakatika. Nilikaa kwake asubuhi moja ya Januari, mwezi ambao Eldoret huona mvua kidogo. Aliponiletea chai, alifunika kikombe kwa kisahani bila kuniuliza. Lori lilipopita nilielewa sababu. Kisahani kilikuwa chekundu.

Kazi anayoifanya mama yule ina mwenyewe. Mradi wa barabara ulipoanza, boza la maji lilipita mara tatu au nne kwa siku. Baadaye likapita asubuhi tu. Kisha likaonekana siku za wakaguzi, na mwishowe halikuonekana tena. Kila ninapowauliza wakazi wa mitaa mingine iliyochimbwa, nasikia mfuatano uleule, na ndiyo maana sioni kama ni uzembe wa mkandarasi mmoja. Uangalizi wa vumbi umeporomoka, na poromoko hilo lina sababu zinazofuatika.

Ya kwanza ni ya zamani. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, ikitoka Nakuru kupitia Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na ikaendelea hadi Kampala mwaka 1931. Kwa miongo mingi mahindi, ngano, mbolea na mafuta yalisafiri kwa mabehewa. Kando ya njia kulikuwa na landhi, yaani makazi ya wafanyakazi, na ndani yake waliishi vibarua wa reli waliogawiwa kila kikundi kipande chake cha njia: kufyeka, kuzibua mitaro, kukaza mataruma, kuchekecha kokoto zilizoziba kwa uchafu. Kokoto zikijaa vumbi hazipitishi maji. Mvua ikinyesha vumbi lile huwa tope, na njia hulegea chini ya behewa. Kwa hiyo watu wa reli walikuwa na sababu yao wenyewe ya kulichukia vumbi.

Bomba la mafuta lilifika Eldoret mwaka 1994. Tangu hapo malori ya mafuta hupakia hapa yakielekea magharibi na Uganda. Reli yenyewe ilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways mwaka 2006, na mkataba huo ukavunjika mwaka 2017. Mwaka huohuo reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi. Mwaka 2019 ikafika Naivasha na kusimama hapo kwa miaka. Njia iliyochorwa kutoka hapo inapita Narok na Bomet kwenda Kisumu na Malaba. Eldoret haimo. Mji uliokuwa kituo kikubwa cha njia ya Uganda ukabaki na reli nyembamba, na mizigo ikahamia barabarani. Barabara zikazidiwa, zikahitaji kupanuliwa, na upanuzi ukaleta mashimo na marundo ya udongo mwekundu yanayosagwa na magurudumu ya malori yaleyale.

Sababu ya pili ni hesabu, nayo naiona kuwa nzito zaidi. Katika mkataba wa ujenzi, uwe wa barabara au wa reli, mita ya ujazo ya udongo ina bei yake. Kokoto zina bei, taruma lina bei. Kulaza vumbi mara nyingi hufungiwa ndani ya fungu moja la jumla la mazingira, na safari za boza hazihesabiwi moja moja. Mkandarasi anayemwagia maji mara nne hulipwa sawa na anayemwagia mara moja. Kila safari anayoiacha ni dizeli iliyobaki mfukoni mwake. Serikali ikichelewa kulipa, boza ndilo la kwanza kuegeshwa. Na serikali imechelewa kweli: mwaka 2025 ililazimika kuweka rehani sehemu ya ushuru wa matengenezo ya barabara ili ipate takriban shilingi bilioni 175 za kulipa madeni ya wakandarasi wa barabara. Eneo la kazi lililoachwa wazi ni baya kuliko lile linaloendelea, kwa kuwa halina msimamizi, halina maji, na magari hayaachi kupita.

Sheria ipo. Kanuni za ubora wa hewa, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinamtaka mwenye kazi ya ujenzi azuie vumbi lisisambae, na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ndiyo mlinzi wake. Lakini mlinzi asiye na kipimo hulinda kwa macho. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2021 kwamba chembe ndogo za chini ya mikroni 10 zisizidi mikrogramu 45 katika mita ya ujazo ya hewa kwa saa 24. Chembe hizo ni nyembamba mara kadhaa kuliko unywele. Vumbi linalotua kwenye kisahani ni lile zito. Jepesi zaidi hubaki hewani na kuingia kifuani mwa mtoto mwenye pumu. Anayekata zege au kumimina mchanga mkavu hukutana pia na silika, ambayo huacha makovu yasiyopona kwenye mapafu.

Dawa yake haihitaji ufundi mkubwa. Lori lifunikwe turubai. Mwendo upunguzwe kwenye njia ya udongo, maana vumbi huongezeka pamoja na kasi. Magurudumu yaoshwe kabla ya kuingia lami. Maji peke yake hukauka haraka kwenye jua la Januari, lakini molasi iliyochanganywa na maji hushika udongo kwa muda mrefu zaidi, na viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil haviko mbali. Delhi, tangu 2017, ina mpango unaosimamisha ujenzi hewa inapofikia kiwango kibaya.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, na jiji linalokua haliwezi kukwepa kuifufua reli yake. Siku hiyo ikifika, mataruma yatang'olewa, kokoto zitamwagwa na yadi zitapanuliwa katikati ya makazi na masoko. Ningependa kuona katika mkataba huo safari ya boza ikiwa na bei yake kama taruma, kipimo cha hewa kikiwekwa pande zote mbili za uzio, na matokeo yakibandikwa langoni kila jioni. Siku ambazo vumbi limezidi zikatwe kwenye malipo ya mwezi. Na pesa za kufunika mashimo zitengwe kabla jembe la kwanza halijapigwa, ili kazi ikikwama, shimo lisibaki wazi.

Nilipomlipa mama chai yake, nilimuuliza maji yale humgharimu kiasi gani. Mtungi shilingi 20, akasema, mitatu kwa siku, siku sita kwa juma. Ni zaidi ya shilingi 1,500 kwa mwezi, na alikuwa ameyanunua kwa miezi kumi na moja.