Pedali za Kunasa: Kabla ya Kununua Jozi Mpya

Mwendeshaji wa baiskeli ya mbio ambaye kiatu chake huchomoka kwenye pedali kila anapokaza miguu kupanda kilima huhitimisha upesi kwamba pedali zimechakaa, na dukani hakosi muuzaji aliye radhi kukubaliana naye. Mara nyingi kilichochakaa si pedali bali ni kliti, yaani kile kipande kidogo cha plastiki kinachofungwa kwa skrubu chini ya soli ya kiatu. Bei ya jozi ya kliti ni sehemu ndogo tu ya bei ya jozi ya pedali. Katika sura hii tunaeleza namna ya kutambua kipi kimekwisha, na ni wakati gani fedha za pedali mpya hazipotei bure.

Pedali ya kunasa haina mkanda wala kikuku cha kushika vidole. Mdomo wa mbele wa kliti huingia chini ya ukingo wa pedali, kisha kishikio cha nyuma chenye springi hufyatuka na kuukamata mkia wake. Mwendeshaji hujinasua kwa kusukuma kisigino upande wa nje. Kampuni ya Look ya Ufaransa iliutoa mfumo huu mwaka 1984, ikiazima maarifa kutoka kwenye viatu vya kuteleza juu ya theluji, na mwaka uliofuata Bernard Hinault alishinda Tour de France akiutumia. Tangu hapo kanuni yenyewe haijabadilika sana. Mnunuzi na alikumbuke hilo anapoambiwa kwamba toleo jipya halina mfano.

Kliti imekusudiwa kulika. Ni laini kuliko pedali ili ichakae kwanza, na kinachoimaliza zaidi si kuendesha bali ni kutembea: hatua chache za kuingia dukani, lami ya kituo cha mafuta, changarawe mahali pa kupumzikia. Vipo vifuniko vya mpira vya kuvalisha kliti wakati wa kutembea; bei yake ni ndogo na huongeza maisha ya kliti kwa kiasi cha kuonekana.

Kliti mbovu ina hatari mbili. Ya kwanza ni kuachia mguu bila kutakiwa, hasa pale mwendeshaji anaposimama juu ya pedali na kuvuta kwa nguvu. Mguu ukitoka ghafla namna hiyo, baiskeli huyumba kuelekea kwenye magari. Ya pili ni kukataa kuachia. Hii hutokana zaidi na skrubu iliyolegea au kudondoka: kiatu huzunguka, lakini kliti hubaki imeshikwa palepale. Matatu iliyo mbele husimama ghafla kushusha abiria, mwendeshaji husukuma kisigino, mguu hautoki, naye huanguka ubavu katikati ya barabara. Skrubu hizo hukazwa kwa dakika tano. Watengenezaji wengi huelekeza nguvu ya newtonimita 5 hadi 6. Asiye na spana ya kupimia aende kwa fundi aliye nayo, na azikague tena baada ya safari mbili tatu za kwanza.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji utaalamu. Shika kiatu kwa mkono, kinase kwenye pedali, kisha kitikise juu na chini. Kikicheza kama jino bovu, tazama kliti: je, mdomo wa mbele umekuwa mwembamba? Kliti za Shimano zina ncha za rangi pembeni, na rangi hiyo ikifutika ni ishara ya kubadilisha. Nunua kliti kwanza, ufunge, urudie jaribio. Mchezo ukitoweka, pedali ni nzima na shughuli imeishia hapo. Ukibaki uleule ilhali kliti ni mpya na skrubu zimekazwa, basi uso wa pedali umelika au springi imechoka, na sasa yafaa kuzungumzia pedali mpya. Zungusha pia ekseli kwa vidole. Ikikwaruza kana kwamba ina mchanga, pengine inahitaji tu kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa grisi. Ikiwa imepinda kwa sababu ya ajali, usiifanyie majaribio ya kuinyoosha.

Tatizo likiwa ni kunasuka kwa urahisi mno au kwa shida mno, pedali nyingi zina skrubu ndogo ya kukaza au kulegeza springi. Tunashangaa ni wanunuzi wangapi hubadilisha pedali kabla ya kuigusa skrubu hiyo.

Vipi kuhusu anayetaka tu kupanda daraja? Hapa tunasema wazi kwamba faida ni ndogo kuliko matangazo. Kwa vipimo vya Shimano yenyewe, jozi ya pedali za 105 za toleo la R7000 ina gramu 265, na jozi ya Ultegra za R8000 ina gramu 248. Tofauti ya gramu 17 ni sawa na kijiko kikubwa kimoja cha maji katika chupa ya mwendeshaji. Wapo ambao beringi bora na uimara wa pedali ghali utawafaa, hasa wanaoendesha kila siku, mvua na jua. Anayetoka Jumapili asubuhi kwenda Ngong na kurudi hana sababu ya kukopa kwa ajili ya kijiko cha maji.

Maumivu ya goti ni suala jingine, na lisipuuzwe. Kliti hutofautiana kwa kiasi zinachokiacha kisigino kizunguke kabla ya kunasuka. Kwa Shimano SPD-SL, nyekundu haizunguki kabisa, buluu huzunguka digrii 2 na manjano digrii 6. Kwa Look Keo mpangilio ni tofauti: nyeusi ni sifuri, kijivu 4.5 na nyekundu 9. Angalia kwamba nyekundu ya kampuni moja ni kinyume cha nyekundu ya nyingine. Muuzaji anayekuuliza rangi bila kuuliza mfumo hajui anachouza. Kubadilisha rangi ya kliti, au mahali ilipofungwa, huenda kukaleta nafuu ambayo pedali mpya isingeileta. Maumivu yasiyokoma yapelekwe kwa daktari.

Gharama ambayo wanunuzi husahau ni ile ya kufungamana na mfumo mmoja. Viatu vingi vya mbio vina matundu matatu ya skrubu, na kliti za Look, Shimano SPD-SL na Time zote hufungwa katika matundu hayo. Hata hivyo kliti ya mmoja hainasi katika pedali ya mwingine. Hata kliti za Look Delta, za zamani, hazinasi katika pedali za Look Keo. Anayenunua viatu vya mtumba, Gikomba au kwingineko, asidhani kwamba kliti aliyoikuta chini ya soli itafaa pedali zake. Na kabla ya kuhamia mfumo mpya, uliza kama duka lina akiba ya kliti zake, kwani pedali nzuri isiyopatikana kliti ni pambo. Mwenye kutembea sana afikirie mfumo wa matundu mawili wa SPD: kliti yake ni ya chuma, imezama ndani ya soli, na hudumu zaidi.

Upande wa sheria, Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya taarifa anazohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kutegemea ujuzi wake. Lakini ina upenyo: anayeagiza kitu mahususi kwa jina lake la biashara hawezi kuutegemea ulinzi huo wa kufaa kwa kusudi lake. Kwa hiyo usiseme tu, “Nipe Ultegra.” Onyesha kiatu, eleza unapoendesha, na uombe risiti iandikwe aina ya pedali, mfumo wake, na kwamba zimeuzwa kwa viatu vya matundu matatu au mawili. Zikikataa kunasa, rudisha zote mbili dukani pamoja na risiti hiyo, kabla ya kuzifanyia ukarabati wowote.