Springi za Hewa: Kutoka Gari la Tajiri hadi Malori ya Tunduma

Mpakani Tunduma, mkoani Songwe, malori husimama foleni yakingoja kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Mwanafunzi atakayechungulia chini ya matela huenda akaona, karibu na magurudumu, mifuko minene ya mpira mahali alipotarajia kukuta springi za chuma. Mifuko hiyo imejaa hewa iliyoshindiliwa, nayo ndiyo inayobeba mzigo. Katika miaka ya 1950 kifaa cha namna hiyo kilikuwa fahari ya mojawapo ya magari ghali kabisa ya Marekani, na humo kilishindwa. Je, kwa nini kilishindwa katika gari la tajiri, kikafaulu katika lori?

Gari lenyewe

Gari hilo, Cadillac Eldorado Brougham, liliundwa na kampuni ya General Motors na kuanza kuuzwa 1957. Bei yake ilikuwa dola 13,074, wakati Chevrolet ya kawaida iliweza kununuliwa kwa dola zipatazo 2,300. Paa lake lilikuwa la chuma kisichoshika kutu, na baina ya mlango wa mbele na wa nyuma hapakuwa na nguzo. Katika 1957 na 1958 yaliundwa magari 704 tu. Mengine 200 yaliundwa Italia katika 1959 na 1960, kisha utengenezaji ukakoma.

Ajabu kubwa zaidi ilikuwa chini: kila gurudumu liliegemea hewa. Msingi wake ni ule alioueleza Robert Boyle katika 1662, kwamba joto lisipobadilika, ujazo wa hewa ukipunguzwa nusu, kanieneo yake huongezeka maradufu. Ziba kwa kidole tundu la pampu ya baiskeli, kisha usukume mpini. Mwanzoni hewa hukubali, halafu hukaza. Ukiuachia mpini, hurudi. Hiyo ni springi. Ndani ya gari, pampu ya umeme ilijaza tangi, na vali ziliongeza au kupunguza hewa ili kimo cha gari kisibadilike.

Kwa bahati mbaya hewa ilivuja, na unyevu uliomo hewani ulidhuru vali. Gari lililolazwa likiwa limesimama vema liliweza kukutwa asubuhi limeinama. Wenye magari wengi waling'oa mfumo huo, wakaweka springi za chuma.

Kwa nini lori lilifaulu

Gari lenye uzito wa kilo 2,400, likipakia watu watano, huongezeka uzito kwa takriban sehemu moja ya sita. Springi ya chuma yaweza kulimudu badiliko hilo. Lakini lori na tela lake, likiwa tupu, huweza kuwa na tani zisizofika 20, na likipakiwa likafikia tani 50. Springi ya chuma inayotosha shehena hiyo huwa ngumu mno lori likiwa tupu, nalo hurukaruka barabarani. Hewa hukaza kadiri mzigo unavyoongezeka. Aidha, lori tayari lina pampu na matangi kwa ajili ya breki za upepo, na dereva mwangalifu huyatoa maji matangi hayo. General Motors yenyewe ilikwisha kutumia springi za hewa katika mabasi tangu 1953.

Barabara nayo hufaidika. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Hivyo ekseli ya tani 12 huiumiza lami karibu mara mbili ya ile ya tani 10. Springi ya hewa haipunguzi uzito huo, bali hupunguza kishindo chake. Tena kanieneo yake, ikisomwa kwenye geji, humjulisha dereva mzigo wake kabla hajafika kwenye mizani ya Mpemba.

Kifaa kilikuwa kile kile, ila ndani ya Cadillac kilikuwa pambo, na chini ya tela kilikuta kazi iliyokihitaji.