Jikoni Usipake Rangi ya Kuficha Uchafu

Swali ni lile lile, awe anauliza bibi harusi anayehamia nyumba mpya Mbezi au mstaafu anayekarabati ya kwake Tabora: jikoni nipake rangi gani isiyoonyesha uchafu? Na mara nyingi muulizaji amekwisha kujijibu kabla sijafungua mdomo. Kahawia. Maruni. Kijivu kilichoiva. Au ule mtindo wa korido za hospitali na madarasa ya zamani: rangi ya mafuta iliyokolea kuanzia sakafuni hadi kiunoni, na krimu juu yake. Anachotafuta kwangu ni baraka tu. Miaka yote niliyofanya kazi ya kusimamia ukarabati wa nyumba sijawahi kuitoa, na leo naeleza kwa nini, ili tuache kuulizana.

Tuanze na uchafu wenyewe. Ukutani mwa jikoni hauji udongo. Unaokuja ni mvuke wa mafuta, unaopanda kila tunapokaanga samaki au kuchoma maandazi, ukatua ukiwa utando mwembamba unaonata. Utando huo hunasa vumbi, unga wa sembe na masizi. Kwenye ukuta wa krimu unaonekana kama kivuli cha manjano kinachoongezeka polepole. Kwenye ukuta wa maruni unaong'aa unaonekana kama michirizi, alama za vidole na matone ya maji yaliyokaukia, na unga ukirukia hapo utauona ukiwa mlangoni. Anayebisha achukue vipande viwili vya vigae, cheupe na cheusi, aviweke wiki moja karibu na jiko la kukaangia, kisha avitazame kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna kitakachokuwa safi, ila cheusi kitamkera mapema zaidi.

La pili ni mwanga. Nyeupe ya kawaida hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga. Krimu hafifu hurudisha kama asilimia 70. Kahawia iliyokolea hurudisha karibu asilimia 10, na iliyobaki inaishia ukutani. Sasa fikiria jiko la nyumba zetu nyingi: dirisha moja dogo lenye nondo na wavu wa mbu, pembeni ukuta wa jirani. Mwanga unaoingia hapo ni haba tangu mwanzo. Ukiuzungushia kuta za kahawia utawasha taa saa sita mchana, utakula umeme wa LUKU bila sababu, na bado utachambua mchele na kukata nyama kwa kukisia. Jikoni ni mahali pa visu na mafuta ya moto. Giza hapo ni hatari kabla hata ya kuwa ubaya wa sura.

La tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote. Tuchukulie ukuta uliokolea ungeweza kweli kuficha. Ungeficha nini? Ungeficha kuvu inayoanza nyuma ya sinki bomba linapovuja. Ungeficha vifuko vya mayai ya mende kwenye kona ya kabati. Ungeficha masizi. Na masizi ya ukutani yametoka kwenye hewa ile ile anayovuta anayepika, pamoja na mtoto aliyembeba mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, na sehemu kubwa ya hewa hiyo hutoka kwenye kuni, mkaa na mafuta ya taa. Ukuta mwepesi ukibadilika juu ya meko ndani ya miezi michache, unakupa taarifa: moshi hauna pa kutokea. Anayeupaka kahawia ameinyamazisha taarifa hiyo na kuuacha moshi ukiendelea na kazi yake.

Wajenzi wa zamani wa pwani walilijua hili. Katika nyumba nyingi za kale za mawe kule Lamu, jiko liko juu kabisa, karibu na paa, moshi upande na kuondoka bila kupita vyumbani. Kuta walizipaka chokaa nyeupe, zikichafuka wakazipaka tena. Chokaa ni rahisi, na ukali wake huzuia kuvu. Tatizo la moshi walilimaliza kwa kuchagua mahali pa kupikia.

Kwa nini basi imani hii haifi? Kwa sababu wengi waliwahi kupaka jiko jeupe likawashinda, wakalaumu weupe. Ukichunguza utakuta kosa lilikuwa kwenye kopo. Walinunua rangi ya maji ya bei ya chini kabisa, ile isiyong'aa inayofaa dari. Rangi hiyo ina unga mwingi na gundi kidogo, hivyo uso wake una vitundu visivyoonekana ambavyo mafuta huzama ndani yake. Ukiisugua na kitambaa chenye maji, inatoka yenyewe pamoja na uchafu. Wengine walikimbilia rangi ya mafuta nyeupe wakaiona imegeuka njano. Hiyo ni tabia yake inayojulikana: rangi ya mafuta nyeupe huwa njano isipopata mwanga, hasa nyuma ya kabati na kwenye kona za giza, na joto la jiko huzidisha. Kahawia ya mafuta haikuwashinda wazi wazi kwa kuwa unjano wake hauonekani. Huo si ushindi wa kahawia. Ingepakwa krimu ya aina inayofaa, ukuta ungeoshwa Jumamosi na kurudi ulivyokuwa.

Sasa ya kufanya, kwa haraka.

Ukutani nunua rangi ya maji ya akriliki yenye mng'ao wa kiasi, ile ambayo mafundi huiita silki, iliyoandikwa kwenye kopo kuwa inaoshwa. Mng'ao mkali kupita kiasi utatangaza kila kovu la plasta. Nyuma ya jiko na sinki weka vigae. Hakuna rangi itakayovumilia mafuta yanayoruka kila siku.

Ukuta wenye mafuta na masizi uoshe kwa maji ya moto, sabuni ya unga na magadi kidogo, kisha usuuze mara mbili, maana mabaki ya magadi huila praima ya mafuta itakayofuata. Madoa ya moshi yapakwe kwanza praima ya mafuta ya kuzuia madoa. Fundi akikwambia mikono mitatu ya rangi ya maji itayafunika, mkatalie. Doa litapenya na kurudi. Plasta mpya ya saruji isubiri mwezi, kisha ipate praima inayovumilia chumvichumvi za saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa, kama wa Mji Mkongwe, usiguswe na rangi ya mafuta kabisa: unyevu utanaswa ndani na rangi itavimba. Rudisha chokaa.

Rangi ya mafuta ya zamani, hasa manjano na nyekundu zilizowaka, huenda ina madini ya risasi. Usiikwangue kwa msasa mkavu. Lowanisha kwanza, na watoto wakae mbali. Kopo jipya lisizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni.

Chumba chenye mwanga haba kipe nyeupe ya maziwa au krimu. Jua la magharibi likipiga jikoni jioni, kijani hafifu au samawati hafifu vitalituliza. Ushauri wa magazeti ya Ulaya kuhusu chumba kinachotazama kaskazini uache huko huko. Kwetu jua la mchana hupita kaskazini katikati ya mwaka na kusini mwezi Desemba. Unapenda rangi iliyokolea? Ipake kwenye milango ya kabati za chini au ukuta mmoja usio na moto. Dari iwe nyeupe.

Usichague kwa kadi ya dukani. Ukuta mzima huonekana umekolea kuliko kipande cha kadi. Paka ubao au boksi la nusu mita, ulitazame asubuhi, alasiri, na usiku taa ikiwaka. Taa nyeupe ya kelvini 6500 huifanya krimu ionekane imepauka, ya 2700 huirudishia joto lake. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, nawe unahitaji mikono miwili. Pima kuta kabla ya kulipa.

Mwenye nyumba, ukifika dukani geuza kopo usome kama rangi inaoshwa, kisha chagua nyepesi yoyote inayokupendeza. Na kama fedha uliyonayo inatosha kitu kimoja tu, rangi mpya au tundu la kutolea moshi, toboa ukuta.