Mwili Bila Samaki, Nyama wala Maziwa: Hofu za Mlaji wa Pwani

Katika mwambao wa Tanga, tangu Mkinga hadi Pangani, mtu akitangaza kwamba ameacha kula samaki, nyama, mayai na maziwa, haulizwi kwanza sababu yake, huulizwa kitoweo. Atakula wali na nini? Swali hilo limo ndani ya lugha yenyewe. Kwa watu wengi wa bara, neno "mboga" laweza kuwa kitu chochote kiliwacho pamoja na ugali, hata nyama. Pwani, kitoweo hasa ni samaki au nyama, na mlo usio nacho huhesabiwa kuwa umepungukiwa, ijapokuwa sahani imejaa. Hata hivyo wako wanaochagua njia hiyo kwa ajili ya afya, imani au huruma kwa wanyama. Na wako wengine ambao hawakuchagua, bali bei ya samaki sokoni ndiyo iliyowachagulia. Wote wanastahili kujibiwa kwa vipimo, si kwa vitisho.

Hofu ya kwanza ni ya protini, ambayo zamani vitabu vyetu viliiita utomwili. Kwa miaka mingi baada ya Vita Kuu ya Pili, wataalamu wengi wa lishe duniani waliamini kwamba ukosefu wa protini ndio kiini cha utapiamlo katika nchi za joto. Mwaka 1974 Donald McLaren aliupinga mtazamo huo waziwazi katika jarida la kitabibu The Lancet, na baadaye ilikubalika kwamba mara nyingi mtoto aliyedhoofika amekosa chakula kwa jumla, tena ameandamwa na maradhi. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 huhitaji protini ya gramu 50 hivi kwa siku. Gramu 400 za unga wa mahindi humpa gramu 32 hivi, na gramu 100 za kunde kavu humwongezea kama 23. Tena vyakula hivyo viwili husaidiana: mahindi yana uhaba wa lisini, mojawapo ya asidi za amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, ilhali kunde, choroko na mbaazi zinayo kwa wingi. Mbaazi za nazi ziliwazo asubuhi kwa maandazi ya ngano, bila maziwa wala mayai, zimetimiza kanuni hiyo kabla ya mwanasayansi yeyote kuiandika.

Lakini hesabu hiyo ni ya mahindi. Kilo moja ya mhogo mbichi uliomenywa hutoa nguvu zinazokaribiana na zile za unga tulioutaja, na protini yake ni gramu 14 hivi tu. Basi mlaji wa mhogo anayeacha samaki bila kuweka kitu mahali pake hupoteza zaidi kuliko mlaji wa ugali wa mahindi afanyaye vivyo hivyo. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye hatari ya kweli kwa watu wa pwani, nayo huzungumzwa kidogo mno. Mlaji huyo hana budi kuongeza kunde hadi gramu 150 au zaidi kwa siku, pamoja na konzi ya karanga.

Kuna sababu ya pili ya kuuangalia mhogo kwa makini. Mhogo, hasa ule mchungu, una linamarini, kemikali ambayo ikikutana na kimeng'enya kilichomo katika mmea huohuo huzaa sianidi, iliyo sumu. Mwili huondoa sumu hiyo kwa kutumia salfa, na salfa hiyo huipata katika baadhi ya asidi za amino. Samaki wanazo kwa wingi. Kunde zinazo kidogo. Katika miaka ya 1980 wilayani Tarime, na tena katika miaka ya 2000 mkoani Mtwara, yalitokea maradhi ya konzo, ambayo hupoozesha miguu yote miwili kwa ghafla na hayaponi. Waliopatwa walikuwa wamekula mhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha huku vyakula vingine vikiwa adimu. Kwa hiyo asiyekula samaki na achague mhogo mtamu, na ule mchungu auvundike au auloweke na kuuanika kikamilifu. Tena asiusahau ufuta, ambao una asidi hizo kuliko kunde.

Kisamvu nacho kina linamarini, lakini desturi ya kukitwanga ina hekima yake. Kutwanga huvunja kuta za chembe za jani, kimeng'enya kikaifikia linamarini na kuitoa sianidi. Sianidi hiyo huchemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi za Selsiasi, hivyo huruka angani kwa urahisi sufuria inapochemka bila kifuniko. Kisamvu kilichokatwakatwa tu kwa haraka hakilingani na kilichotwangwa. Tui linalotiwa baadaye lina kazi zaidi ya ladha, kwa kuwa karotini ya majani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri penye mafuta.

Hofu ya damu ni nzito zaidi. Ni kweli kwamba chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko kile cha nyama. Lakini hufyonzwa vizuri zaidi kikiandamana na vitamini C: ndimu iliyokamuliwa juu ya mchicha, au chungwa la Muheza mara baada ya kula. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake, basi na isubiri saa moja au mbili. Isisahauliwe pia kwamba katika pwani yetu damu hupunguzwa sana na malaria na minyoo ya safura. Mtu aliyepauka na aende akapimwe, asijitibu kwa majani peke yake.

Kuna kitu kimoja ambacho shamba haliwezi kukitoa, nacho ni vitamini B12. Hutengenezwa na bakteria, na mimea haina kiasi cha kutegemewa. Hata mwani usitegemewe. Chama cha kwanza cha walaji wa mimea pekee kiliundwa Uingereza mwaka 1944, miaka 4 kabla ya vitamini hiyo kutengwa maabarani, kwa hiyo waasisi wake hawakuweza kujua walichokikosa. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, na ndiyo maana mtu hujiona mzima huku akiba ikiisha. Katika miaka ya 1980 madaktari wa London walieleza upungufu wa damu wa aina hiyo miongoni mwa Wahindu wasiokula nyama, jamii ambayo wengi wake walikuwa wamehamia kutoka Bara Hindi na Afrika Mashariki. Nao maziwa walikuwa hawajayaacha. Mahitaji ni mikrogramu 2.4 tu kwa siku, lakini lazima zitoke katika vidonge au chakula kilichoongezwa vitamini hiyo. Asomaye maandishi ya mfuko wa unga ataona kama imo.

Madini joto nayo hudhaniwa kuwa yamo tele katika chumvi ya bahari. Sivyo. Chumvi isiyoongezwa madini hayo kiwandani, hata ikivunwa ufukweni kwetu, inayo kidogo sana.

Watoto wadogo na mama wajawazito au wanaonyonyesha wasibadili mlo bila ushauri wa mganga. Tumbo la mtoto ni dogo, na uji wa nafaka ukipikwa mzito hushindwa kuumeza. Ukiongezwa maji, nguvu hupungua. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, walichunguza kimea: unga wa mtama uliooteshwa, ambao vimeng'enya vyake hukata minyororo ya wanga. Kijiko kimoja hulainisha uji mzito ukawa wa kunyweka bila kuongezwa maji, na karanga zilizosagwa huongezwa humo. Machipukizi na mizizi ya mtama huondolewa kabla ya kusaga, kwani nayo, kama mhogo, huzaa sianidi.